Kitambulisho cha Lamu, dawa Malindi: huyu nyumba atapewa na nani?

MamaMbaazi_Malindi
Assalam alaikum jamaa. Nauza mbaazi na mahamri Malindi, karibu na soko la zamani. Mwaka wa sita huu kuna mtu analala kwenye kibaraza changu. Nikija alfajiri kuwasha jiko, namkuta ameshakunja gunia lake na kufagia. Kwao ni Faza, kaunti ya Lamu. Huku alifuata tiba ya uraibu wa unga (heroini), na kila siku huenda kunywa methadoni, dawa ya kumwachisha unga, mbele ya muuguzi. Watu wamemganda na jina la teja, ingawa hajakosa dawa ila mara moja.

Hiyo mara moja ndiyo inayoniuma. Nilizunguka ofisi nikimtafutia chumba. Huku Kilifi, kaunti yetu ya Malindi, nikaambiwa kitambulisho chake ni cha Lamu. Nikapiga simu Lamu, nikajibiwa kwamba anaishi Kilifi, wamhudumie wa Kilifi. Haukupita mwezi, likaja gari usiku likawazoa yeye na wenzake, wakashushwa Mokowe, huko Lamu. Alirudi siku ya nane, miguu imevimba. Dawa ilikuwa imemkatika, ikabidi aanze tena na kipimo cha chini, na zile usiku za kutetemeka nimeziona kwa macho yangu.

Je, kuna mahali serikali za jirani zimechanga pamoja zikampa mtu kama huyu chumba, na mtu wa kumtazama? Nataka mfano wa kweli wa kupeleka kwenye kikao cha maoni ya bajeti.

Mzee_Langoni
Waalaikum salaam binti yangu. Mtu ana kwao. Mkimpa chumba peke yake mnamkata na ukoo wake. Tafuteni ndugu zake kwanza.

MamaMbaazi_Malindi
Shikamoo mzee wangu. Dada yake alimpokea mara tatu kabla hajaanza tiba. Nyumba ina vyumba viwili na watoto saba, na sasa akirudi Faza ataiacha dawa nyuma. Dada huja Malindi kumwona, wanakaa hapa barazani pangu. Angekuwa na chumba, dada angepata pa kukaribishwa.

Baharia_wa_Maweni
Mimi mtoto wa Maweni, sasa niko Helsinki, nafanya usafi kwenye jengo la watu waliolala nje miaka mingi. Finland ilianza mpango wa kitaifa mwaka 2008, serikali kuu na miji mikubwa wakasaini pamoja. Mabweni ya kulala usiku mmoja mmoja yakageuzwa kuwa nyumba ndogo, kila mtu na mlango wake na mkataba wa kupanga. Hawamwambii mtu aache pombe kwanza ndipo apewe ufunguo. Anapewa ufunguo, na wahudumu wako palepale jengoni. Kodi analipa, mara nyingi kwa msaada wa serikali. Kuna wanaoanguka, sitaficha, lakini wakianguka wanaangukia ndani kwao.

Karani_Mstaafu
Dada, kuhusu kuchanga: huko Marekani, mashariki ya Seattle, miji kama Bellevue, Kirkland na Redmond pamoja na kaunti yao ina chombo kimoja cha nyumba tangu 1992, kiitwacho ARCH. Wanaweka pesa kapu moja, na pesa ya mji huu inaweza kujenga nyumba katika mji wa pili. Hilo ndilo jibu la kitambulisho chako.

Na usiogope kuambiwa sheria hairuhusu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 189, kinazitaka kaunti zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Cha 43 kinataja haki ya makazi. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ipo, na Lamu na Kilifi zote ni wanachama. Usiombe nyumba nafuu zile za serikali zinazojengwa kwa tozo ya 1.5% ya mshahara, huyo hana mshahara wa kukatwa. Omba vyumba vichache vya kupanga, karibu na hospitali, Lamu ichangie kwa idadi ya watu wake, na mhudumu mmoja alipwe na kaunti zote mbili.

Mzee_Langoni
Kama dada yake ataweza kulala hapo akija, basi mimi naunga mkono. Kikao kikifanyika na huku Lamu, nitasimama kusema.

MamaMbaazi_Malindi
Allah awalipe. Nimeandika vyumba sita, kwa kuanzia. Leo alikuwa akinikunia nazi, nikamsomea majibu yenu yote. Ameuliza jambo moja tu: huo mlango utakuwa na komeo kwa ndani?