Wahusika watano wasiopatana: kampeni ya Mombasa ya 1696 ianzeje?

Dadu_Kibokoni

Salaam aleikum wanameza. Nataka ushauri kabla ya Jumamosi ijayo.

Kampeni ni ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la tano (kanuni za 2014), wahusika wote daraja la kwanza, nami ndiye mwendeshaji. Mahali ni Mombasa, Machi 1696, siku chache kabla ya Waomani kuizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno. Wachezaji ni watano na kila mmoja amemtengeneza mhusika wake kwake nyumbani bila kuulizana na wenziwe. Wametoka hawa:

Baharia wa Pate aliyekuja na mtepe (chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba), amtafuta nduguye aliyekamatwa. Mganga wa Kirabai aliyekula kiapo asilale ndani ya kuta za mawe. Askari wa Kireno aliyetoroka Ngomeni. Binti wa ukoo mkubwa wa Kilindini, mtunzi wa mashairi, hajapata kushika silaha. Na mwizi wa sokoni ambaye karatasi yake yasema "hamwamini mtu, hufanya kazi peke yake".

Kikao ni cha saa tatu unusu na hakiongezeki, maana wawili huvuka Likoni kurudi kwao. Nimepanga tajiri mmoja awaite wote nyumbani kwake, awape kazi ya kusafirisha sanduku. Lakini naona mwizi ataikataa kazi na mganga hatataka kuingia ndani. Niwaambie waandike wahusika upya?

---

Nahodha_wa_Tudor

Wa aleikum salaam. Usiwaandikishe upya. Kwa mwaka uliouchagua wahusika hawa wamefaa sana: Pate ilikuwa upande wa Waomani, Faza upande wa Wareno, na miji hiyo miwili ya kisiwa cha Pate ilikuwa na uhasama wake kabla hata ya vita hivyo. Baharia wa Pate na Mreno mtoro kwenye chombo kimoja, hapo tayari pana mchezo. Wanachokosa ni cha kuwafungamanisha.

Tajiri na sanduku lake, achana nao. Ujira humfunga kila mhusika kwa tajiri, haumfungi kwa mwenziwe. Sanduku likishafika hakuna anayemdai mtu kitu, nawe warudi kutafuta tajiri wa pili. Tena mchezaji wa mwizi akisema "siitaki kazi hii" atakuwa amecheza sawasawa na karatasi yake, kwa hivyo utakuwa wamwomba amvunje mhusika wake kabla hata dadu haijarushwa.

Tenga dakika 40 za mwanzo. Waketishe kwa duara, na mpangilio wa viti uupange wewe: baharia, askari, mwizi, binti, mganga, kisha duara lajifunga kwa baharia. Kila mmoja apewe kadi na aandike sentensi moja kumhusu jirani wa kuume: *ana kitu gani ambacho siwezi kuondoka bila hicho?* Wahusika watano kwa duara ni vifungo vitano, kila mhusika ana kimoja alichokitoa na kimoja alichotiliwa. Hapo simama. Jozi zote za watu watano ni kumi, na ukijaribu kuzijaza zote hakuna atakayezikumbuka kikao cha pili.

Masharti ni matatu. Kifungo kiwe cha sasa, kitu ambacho bado hakijaisha; "tulisoma chuo kimoja" hakimzuii mtu kwenda zake. Jirani awe na haki ya kukikataa au kukirekebisha, kwa sababu chamgusa mhusika wake. La tatu ndilo linalosahauliwa zaidi: kisiweze kutimizwa kwa mazungumzo ya dakika mbili. Baharia akiwa ahitaji *habari* za nduguye kutoka kwa askari, askari atamwambia, basi, wameachana. Lakini askari akiwa alimwona yule ndugu akipitishwa usiku kwenye njia asiyoweza kuieleza kwa maneno, mpaka awepo mwenyewe aioneshe, baharia atamlinda Mreno huyo kama roho yake.

Kwa meza yako ningeanza na mifano hii, halafu niwaachie wenyewe waigeuze:

- Baharia kwa askari: hiyo ya ndugu.
- Askari kwa mwizi: mwizi ndiye amfichaye, na ndiye pekee ajuaye lini doria hupita ufukweni.
- Mwizi kwa binti: ameiba kijisanduku cha ukoo wa binti, na ndani mna barua ya hati za Kiarabu asizozijua kusoma. Jina la mama wa mwizi limo, hilo tu alisomewa na mtu. Binti asoma, lakini barua imeandikwa kwa mafumbo ya kishairi na haifunguki kwa kikao kimoja.
- Binti kwa mganga: kakake mdogo yu mgonjwa, na dawa lazima mganga aifanye upya kila siku ya saba.
- Mganga kwa baharia: kitu cha kaya, kijiji kitakatifu cha kwao msituni, kimeibwa na kimeshapelekwa Pate. Baharia ndiye mwenye chombo.

Kifungo hiki cha mwisho chakupa ukomo wa muda, bure. Machi bado ni kaskazi, upepo utokao kaskazini. Mtepe uliokuja nayo kutoka Pate hauwezi kurudi mpaka kusi, upepo utokao kusini, ishike, yaani Aprili hivi, na kusi ikichacha Juni na Julai bahari huwa mbaya, mitepe haitoki. Kwa hivyo kundi lina kama majuma manne ya mchezo kukaa Mombasa, kisha dirisha fupi la kusafiri. Sababu ya kutoondoka leo umeletewa na upepo, huna haja ya kuibuni.

---

Mama_Kete

Naunga mkono duara, lakini la mwizi lisiachiwe kadi peke yake. Hilo ni la mchezaji, na mchezaji huulizwa uso kwa uso kabla ya Jumamosi.

Mtu akiandika "hamwamini mtu" mara nyingi ataka jambo moja kati ya mawili. Ama apenda kumcheza mtu ambaye moyo wake walainika polepole, na huyo ni hazina. Ama aogopa kufungwa na maamuzi ya wengine, na huyo mpe uhakika kwamba hutamlazimisha. Muulize ni lipi. Kisha mwombe aongeze maneno mawili kwenye karatasi yake: "hamwamini mtu *isipokuwa fulani*", na huyo fulani awe mmoja wa wale wanne. Ni badiliko dogo kabisa, na mhusika abaki vile vile alivyompenda.

Wote watano wamalizie sentensi hii kwa sauti mbele ya wenzao: "Mhusika wangu anabaki na kundi hili kwa sababu…" Jibu lisikubaliwe likiwa "kwa sababu ndivyo hadithi inavyotaka", wala likiwa ni jambo analopaswa kulileta mwendeshaji. Kazi ya kubaki ni ya mchezaji. Mwendeshaji hutoa tukio, hamtolei mtu mzima hamu ya kucheza. Hili liseme wazi mwanzoni, kwa upole, na ile hoja ya "mhusika wangu hangefanya hivyo" utaisikia mara chache sana. Ikija, jibu lipo: mhusika wamwandika wewe, basi mtafutie sababu ya kufanya.

Kiapo cha mganga usikione kuwa kizuizi. Ni zawadi. Chaamua kundi lalala wapi: nje, chini ya mbuyu, hata kama binti ana kitanda cha kamba kizuri kwao. Na kila wakiingia nyumba ya mawe au Ngomeni, wana mpaka magharibi kutoka. Kanuni yako iwe moja tu, kwamba kiapo kimfunge mganga kulala, kisimfunge kuingia. Thibitisha na mchezaji wake kwamba ndivyo alivyokusudia.

---

Dadu_Kibokoni

Ahsanteni sana, hili la kaskazi sikuliwaza kabisa. Swali la pili. Onyesho la kwanza lenyewe liwe wapi? Nafikiria wote wawe ndani ya Ngome lango linapofungwa na mzingiro waanza. Hapo hakuna wa kwenda popote. Na nataka pigano moja siku hiyo, wawili kati yao ni wageni wa mchezo na wataka kurusha dadu.

---

Kusi_Imeshika

Lango usilifunge. Kuwafungia mahali pamoja kwawaweka karibu, hakuwaunganishi. Wataitumia saa nzima kutafuta njia ya kutoka, kila mmoja kwa ufundi wake, na wakishatoka wana sababu tano tofauti za kutawanyika. Jela ina ugonjwa huo huo. Tena mzingiro wenyewe ulidumu kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na humo ndani tauni iliua watu wengi kuliko silaha. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 Wareno walikuwa karibu wote wameisha na Ngome yashikiliwa na Daud wa Faza na watu wachache. Ni mahali pazuri mno kwa daraja la tano au la sita, wakati kundi laingia kwa hiari yake kumtoa yule ndugu wa baharia. Ukiwatia humo daraja la kwanza, umeila karamu siku ya kwanza.

Anza na kitu kimoja ambacho wote watano wakihitaji usiku mmoja. Kwa vifungo alivyovipanga Nahodha, kitu hicho ni dau. Usiku, maji yajaa, ufuko wa Kilindini, dau moja lenye nafasi ya watu sita. Binti ataka kumvusha kakake bara kabla ya vita. Mganga ataka kurudi naye kayani, ambako dawa iko. Askari ataka kutoweka, mwizi yu naye, na dau ni la mtepe wa baharia. Wahesabu: watano na mtoto, sita. Dau limejaa barabara. Halafu doria yatokea.

Sentensi yako ya kwanza mezani isiwe ya kuuliza "mwafanya nini?" Waambie walipo na kinachotendeka: "Nyote mumeshika ubavu wa dau, maji ya magotini, na taa zaja kutoka upande wa msikiti." Kila mmoja amwelezee mhusika wake kwa sentensi mbili huku akisukuma. Mpe dakika, si robo saa.

Pigano: walinzi wanne wa kawaida wa kitabuni. Kila mmoja ana pointi 11 za uhai, kinga 16 (shambulio lifikie 16 ndipo limpate), na pointi 25 za uzoefu. Wanne ni 100, wazidisha mara mbili kwa kuwa maadui ni kati ya watatu na sita, wapata 200. Kwa wahusika watano wa daraja la kwanza pigano jepesi huanzia 125 na la wastani 250, kwa hivyo upo katikati, pazuri kwa wageni. Kinga 16 itawafanya wakose sana, basi wape ushindi mwingine usiokuwa wa kuua: dau likishasukumwa raundi tatu, laelea na pigano limekwisha.

Kosa kubwa hapa ni kuwaleta mmoja mmoja, wawili wapigane na wengine "wasikie kelele". Kwa wahusika wawili, walinzi wale wale wanne wafikia kiwango cha kuua. Na wachezaji watatu wakae bure wakichezea simu. Wote wawe majini tangu sentensi ya kwanza.

---

Baraza_la_Makadara

Mimi napingana na dakika 40. Kwenye saa tatu unusu, na wageni wawili wanaongoja dadu, ni nyingi. Kadi zifanywe katikati ya juma kwa WhatsApp, kwenye kundi la wote ili kila mtu asome, kisha Jumamosi dakika kumi tu za kuzisoma kwa sauti. Fate, mchezo mwingine wa aina hii, hufanya jambo la karibu na hilo: kila mchezaji huandika kisa kimoja cha mhusika wake, kisha wenziwe wawili kwa zamu huingia ndani ya kisa hicho. Ni kazi inayofanyika vizuri kwa maandishi. Hatari yake ni kwamba mmoja atachelewa kujibu na duara litakatika kwake. Mpe siku ya mwisho, Alhamisi usiku, na ikipita mwandikie wewe rasimu mbili achague.

Siri nazo ziwe na mpaka. Katika vifungo vitano, siri iwe moja, na wewe uijue yote. Hapa ni ile ya kijisanduku: binti hajui aliyemwibia. Zikiwa mbili au tatu, wahusika huanza kukwepana ili wasigundulike, na kundi lapasuka. Nayo ilipuke mapema, kikao cha pili au cha tatu, wakiwa bado kayani na hawana pa kukimbilia. Mchezaji wa binti aulizwe mapema kama atalifurahia jambo hilo. Asipolifurahia, mwizi aseme kweli usiku ule ule wa dau.

---

Nahodha_wa_Tudor

Nakubali la WhatsApp, mradi viti vya Jumamosi vibaki vile vile vya duara. Mtu humkumbuka aliyeketi naye bega kwa bega.

Na jitayarishe kwa mchezaji asiyetokea. Duara likikosa mmoja, vifungo viwili vyalegea kwa pamoja. Akikosa mchezaji wa binti, mtoto yumo dauni na barua imo mikononi mwa mwizi, mchezo waendelea. Akikosa wa baharia, hakuna dau. Kwa hivyo amua leo nani atamwendesha baharia kwa niaba. Ningempa mchezaji wa askari, kwa kuwa ndiye mwenye sababu kubwa ya kutaka chombo kiondoke.