Kazi bunifu za Kusadikika kwa Kidato cha Tatu: niwape ipi?

Mwalimu_Muheza
Habari za kazi, walimu wenzangu. Nina darasa la wanafunzi 70, na nakala ni chache, wanasoma watatu watatu kwa kitabu kimoja. Nimewapa Kusadikika, riwaya ya nchi ya kufikirika iliyo angani, kama kitabu cha ziada kwa sababu mwandishi wake, Shaaban Robert, ni wa kwetu, kazaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909. Tumemaliza kusoma. Nikiuliza dhamira, najibiwa kikasuku: uongozi mbaya, kujitoa mhanga, basi. Ni maneno ya vitabu vya uchambuzi.

Lakini tulipofika pale Karama, mhusika mkuu, anaposhtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza: "Sasa mwalimu, kama sheria haifundishwi, huyu atatetewa na nani?" Wenzake wakaanza kubishana mpaka kengele ikalia. Nataka kazi itakayoamsha ubishi wa namna ile.

Nimefikiria kuigiza kesi, au kuchora ramani ya nchi inayoelea angani, au kuandika barua ya mmoja wa wale wajumbe sita, waliotumwa nchi za nje na mfalme kisha wakafungwa waliporudi, akiwa kifungoni. Niwaache wachague wenyewe? Na alama nitoe vipi, maana kuna anayejua kuchora na asiyejua?

Bi_Mkubwa_Darasani
Mwalimu, anza na kesi. Nimeifanya mara nyingi. Ila Majivuno, waziri anayemshtaki Karama, mpe mwanafunzi mkali kuliko wote. Karama anapendwa tangu mwanzo, hahitaji msaada. Kazi ngumu ni kumshtaki mtu mwema ukasikika una hoja, na hapo ndipo watoto wanapoona dhuluma inavyojivika maneno mazuri. Karama anajitetea siku sita, kila siku na habari za mjumbe mmoja, kwa hiyo gawa darasa makundi sita, kila kundi na mjumbe wake. Sharti langu ni moja: ukisema jambo, taja ukurasa. Asiyetaja, hakimu anamkalisha.

Mjukuu_wa_Fundi
Shikamooni walimu. Mimi si mwalimu, nilikuwa mwanafunzi wa kazi kama hizi. Sikuwa msemaji, kesi ingenishinda. Mwalimu wetu aliniruhusu kutunga utenzi, beti kumi, mizani nane kila mshororo, mjumbe akimlalamikia mfalme aliyemtuma kisha akamfunga. Kutafuta neno la kutimiza kina kulinifanya nirudie sura ile mpaka nikaijua kwa moyo. Tafadhali waacheni wachague.

Mzazi_Korogwe
Naomba niseme kama mzazi. Msiagize manila na rangi za dukani. Karatasi ya kalenda ya mwaka jana, upande wa nyuma, inatosha ramani nzima.

Mwalimu_Muheza
Asanteni sana. Mzazi, nimekuelewa, kalenda zipo tele, naanza kuzikusanya kesho ofisini. Mjukuu, marahaba, utenzi nimeuongeza.

Nimeamua hivi: kesi ni ya darasa zima, kisha kila mmoja achague ramani, barua au utenzi. Alama 20. Kumi ni za ukurasa mmoja wa maelezo: kwa nini umeweka gereza hapo, kwa nini mjumbe wako ana hasira na si huzuni, kitabuni umeona wapi. Tano za ubunifu, tano za lugha. Uhodari wa mkono kwenye kuchora hauna alama, kwa hiyo mwenye ramani ya mistari iliyopinda lakini anajua watu wa nchi ya angani wanapata wapi maji, huyo atamshinda mchoraji.

Bi Mkubwa, Majivuno nampa yule binti wa dawati la nyuma. Bado sijui hakimu, yaani mfalme anayesikiliza kesi, awe nani. Wewe huwa unakaa kitini mwenyewe, au unampa mwanafunzi?

Bi_Mkubwa_Darasani
Mpe mwanafunzi. Ukikaa wewe, wote watazungumza na mwalimu badala ya kuzungumza na mfalme.