Prosesa i7-2600 inafika 88°C: nishushe volti kiasi gani?

Bodi_Kuukuu
Wakuu, naomba msaada. Mashine ni ya mezani, i7-2600, hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ya kiwandani, vumbi limeshatolewa. Nikirenda video (kutoa faili la mwisho) joto linafika 88°C chumba kikiwa 30°C. Programu ya CPU-Z inasoma volti 1.25 wakati wa kazi nzito. BIOS (mipangilio ya bodi) ina sehemu ya ofseti, yaani kuongeza au kutoa kiasi fulani kwenye volti ya kawaida. Nianzie wapi, na kasi itashuka?

Saketi_Wazi
Mkuu, kwanza kagua pini 4 za plastiki za hitisinki. Moja ikilegea, kitako hakikai sawasawa juu ya prosesa na kushusha volti hakutakusaidia. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha bonyeza pini kwa mshazari.

Sasa volti. Umeme unaogeuka joto hufuata kipeo cha pili cha volti. Kutoka 1.25 hadi 1.15, matumizi yanashuka kama 15% kwa kasi ileile. Kwako joto limezidi la chumba kwa nyuzi 58. Toa 15% zinabaki 49, yaani kama 79°C. Kasi haishuki, kwa kuwa kizidishi (namba inayopanga kasi ya prosesa) hujakigusa.

Chagua ofseti ya kutoa, usiweke volti ya kudumu: ukiifunga, prosesa itakula volti hiyohiyo hata ikiwa imepumzika. Anza na -0.050, kisha shusha zaidi kwa 0.010 kila mara. Kila hatua endesha Prime95, programu ya kuitesa prosesa kwa hesabu nzito (chagua Small FFTs), dakika 20. Uzi mmoja (mkondo mmoja wa hesabu) wa Prime95 ukisimama kwa kosa la kukadiria namba (rounding), au skrini ya bluu ikaja na 0x124 au 0x101, umepitiliza. Rudi nyuma 0.020, si 0.005, halafu pima tena saa kadhaa. Mashine isipowaka kabisa, zima, chomoa waya wa umeme, futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kwa jampa, kile kiunganishi kidogo cha pini kwenye bodi.

Kizidishi16
Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau: ofseti inakatwa kila mahali, hata prosesa ikiwa 1.6 GHz. Ndiyo maana kuna mashine inayopita Prime95 usiku kucha, kisha inaganda ukiwa umefungua ukurasa mmoja tu. Iache imepumzika saa kadhaa, na kagua Event Viewer ya Windows kama kuna makosa ya WHEA (makosa ya vifaa). Hayo yakionekana, volti haitoshi hata kama hakuna kilichoganda. Hesabu zisizo sahihi huharibu mafaili kimyakimya, kwa hiyo weka nakala ya data kabla hujaanza.

LLC (mpangilio wa BIOS unaozuia volti kushuka wakati wa kazi) nayo usiipandishe. Inarudisha juu volti ya kazi nzito, yaani ileile unayotaka kuishusha.

Njia_Mbili
Wakuu, bodi yangu ya H61 haina ofseti kabisa. Programu ya ThrottleStop, ya kushusha volti ndani ya Windows, itafaa kwa i7-2600?

Kizidishi16
Kwa volti, hapana. Inashusha kuanzia prosesa za kizazi cha Haswell (2013), ambazo kirekebisha volti kimo ndani ya prosesa yenyewe. Kwako volti inatoka kwenye bodi.

Tumia mipangilio ya umeme ya Windows: kiwango cha juu cha prosesa weka 99%, turbo (kasi ya ziada) inazimika. Koa (viini vya prosesa) 4 zikifanya kazi unashuka kutoka 3.5 hadi 3.4 GHz tu, kwa hiyo nafuu ya joto ni ndogo. Ukiweka 80% unapata kama 2.7 GHz; volti nayo inafuata kasi kushuka, na hapo joto linapungua kweli. Kurenda kutachukua muda zaidi.