Naombeni ushauri: kazi za mwisho wa semista zimenilemea

Omera_Manyatta: Habari zenu. Niko mwaka wa tatu, chuo fulani huku Kisumu. Mitihani inaanza Jumatatu na bado nina kazi tano za kuandika. Silali, chakula hakipiti, mkono unatetemeka. Naweza kuomba mtihani maalum?

Mwalimu wa Ahero: Kijana, kwa kawaida CAT, yaani kazi na majaribio ya katikati ya semista, ni alama 30, mtihani 70. Mbona unajiua na zile 30? Peleka hizo kazi hata zikiwa nusu, kisha fanya karatasi za miaka iliyopita ukiwa umeweka saa. Na ulale. Unachosoma mchana ubongo hukipanga ukiwa usingizini. Ukikesha unatia maji kwenye pakacha.

Mama Nyawita: Sisi tulisoma na koroboi. Kifungua mimba wangu nilimzaa karibu na mitihani. Dada yangu alikaa naye nje chini ya mwembe, akilia nasikia, na mimi niko ndani napiga hesabu. Nyinyi mna simu na bado mnalia.

Fundi wa Kondele: Mama, pole, lakini hakuuliza hayo. Omera, kazi tano za somo gani? Saa hizi CAT si zilishafungwa?

Omera_Manyatta: Sawa. Si zangu. Ni za wanafunzi wa Marekani, naziandika kwa akaunti ya kukodi kwenye tovuti ya kuandikia watu kazi. Tatu za uuguzi, mbili za historia. Ya mwisho inatakiwa Jumapili saa sita usiku ya New York, na kwa mwezi huu wa Desemba, hiyo ni Jumatatu saa mbili asubuhi hapa. Karatasi yangu inaanza saa tatu. Kabla hamjanihukumu, hii ndiyo inalipa nyumba. HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikiingia inaishia kwa karo. Nikichelewesha moja tu, mwenye akaunti ananitoa. Nimeshaongea na mtu wa kliniki anitolee barua.

Mwalimu wa Ahero: Barua ya uongo? Hapo utaitwa na kamati ya nidhamu, sahau mtihani maalum.

Jaber_Milimani: Kwa hivyo nikilazwa huko Marekani, nesi wa kunidunga sindano alipitishwa na mtu wa Manyatta? Na mkono wenyewe unatetemeka!

Sungura wa Mamboleo: Mnachezwa. Juzi kulikuwa na "mwanafunzi wa Nakuru" mwenye shida hii hii, mpaka mkono wa kutetemeka. Hakukaa sana akaanza kuuza akaunti. Endeleeni kumfariji.

Omera_Manyatta: Siuzi kitu. Nakuru sina hata shangazi.

Mama Nyawita: Nilijua. Mtu asiyelala hawezi kuandika sentensi zimenyooka hivyo.

Fundi wa Kondele: Akiwa muongo au mkweli, hizo za historia ni pesa ngapi kwa ukurasa?

Omera_Manyatta: Angalia ujumbe wako.

Sungura wa Mamboleo: 😂😂 Haya.

Mwalimu wa Ahero: Omera, nauliza tena. Karatasi yako ya Jumatatu ni ya somo gani?