Mliooka kwa kufuata vitabu vya Bake Off, keki ilitoka? Tupeane uzoefu

FundiKitako (Dar)
Wakuu, habari za jioni. Wale wa "pika maandazi uachane na mambo ya wazungu" naomba mpite kimya kimya, leo hamna lenu hapa.

Mimi ni mlevi wa The Great British Bake Off, nakiri. Kwa asiyeijua, ni shindano la kuoka la Uingereza lililoanza BBC Two Agosti 2010. Washindani si wapishi wa hoteli, ni watu wa kawaida wenye kazi zao, wanaoka ndani ya hema jeupe lililosimamishwa kwenye bustani. Kila wiki mitihani mitatu. Wa kwanza unaoka kitu chako ulichokizoea. Wa pili mnapewa wote resipi moja iliyonyofolewa maelezo, imeandikwa "oka" basi, dakika ngapi utajua mwenyewe. Wa tatu ni wa kutamba. Majaji wa mwanzo walikuwa Mary Berry na Paul Hollywood. Shindano lilipohamia Channel 4 mwaka 2017 Mary hakwenda nalo, akaingia Prue Leith.

Sasa, shindano hili lina vitabu vyake. Vya miaka ya mwanzo aliviandika Linda Collister. Shemeji yangu alikuja likizo kutoka mji wa Reading, Uingereza, akaniletea cha 2011, kile ambacho jalada lenyewe linakuahidi siri ya Victoria sponji. Ni ile keki ya vipande viwili, jamu katikati. Nimeioka mara tatu.

Ya kwanza ilitoka bapa kama chapati ya sukari. Ya pili ilinuka pombe, sitanii, mama watoto aliuliza kama nimechanganya na togwa. Ya tatu ilipanda vizuri nikaanza kuimba, kufungua oveni ikabonyea katikati mpaka ungeweza kuitilia mchuzi.

Kitabu ni kizuri, picha zake unaweza kulamba ukurasa. Lakini mimi na yeye hatuelewani. Nani mwingine yamemkuta?

Bint_Shangani (Unguja)
Kaka, kabla sijakucheka (maana nitakucheka), niambie ulitumia unga gani, na hiyo ya pili ulitia nini.

FundiKitako
Dada, unga wa ngano wa dukani, ule tunaosukumia chapati. Ilipobapa nikauliza kazini, nikaambiwa kitabu kinataka unga wenye hamira ndani yake. Ya pili nikatia hamira.

Bint_Shangani (Unguja)
Yarabi toba. Hamira ya mkate? Kwenye keki? Kaka umeoka mkate wa mofa wenye jamu.

Kaa nikueleze, maana hapo ndipo kitabu kilipowaangusha wengi. Waingereza wana unga unaouzwa umeshatiwa bekingi pauda kiwandani. Kwao ni kitu cha kila siku, kila jiko unao, kwa hiyo kitabu kinautaja kwa jina tu na kuendelea na safari. Kwetu mtu akisoma "unga" anachota huo wa chapati. Ukiukosa, chukua gramu 150 za unga wa kawaida utie vijiko 2 vya chai vya bekingi pauda, uchekeche pamoja mara mbili. Hamira ya chachu iache kwa maandazi, ile inataka muda wa kuumua, nayo keki haina subira hiyo.

La pili ni siagi. Sisi neno hili tumelitupa juu ya kila kitu cha manjano kinachopakwa kwenye mkate. Ile ya kopo tunayoita siagi imetokana na mafuta ya mimea, na kitabu kinaposema siagi kinakusudia ya maziwa ya ng'ombe. Keki itatoka kwa zote mbili, tena ya kopo inachanganyika upesi zaidi, ila ladha si moja. Ya ng'ombe nayo, kwa joto letu la Februari, kitabu kikisema iache nje ilainike usiende kuoga. Ukirudi utaikuta mafuta. Mimi huitoa kwenye friji, naikata vipande vidogo, napiga hapo hapo.

Sukari yao ni laini kuliko yetu. Isage kwenye blenda mizunguko michache, isifike kuwa unga.

Ila mimi kitabu hakikunifunza sponji, na hili nalisema bila kujisifu (najisifu kidogo). Bibi yangu alikuwa akichoma mkate wa mayai juu ya seredani. Mayai na sukari vikipigwa mpaka vikawa vyeupe na vizito, unga ukipepetwa juu, iliki, basi. Siagi hamna, bekingi pauda hamna, kinachoinua ni hewa ya kwenye mayai. Sufuria chini ina moto mdogo, juu ya mfuniko anapalia makaa. Hana saa, anajua kwa harufu. Nilipokutana na sponji isiyo na siagi kwenye hivyo vitabu nilicheka peke yangu jikoni. Kurasa mbili za maelezo kwa kitu ambacho bibi alikuwa akikifanya huku anamsuta jirani.

Mswahili_wa_Leicester
Huyo bibi angeshinda wiki ya kwanza. Mtihani wa pili wa kipindi cha kwanza kabisa, 2010, ulikuwa hiyo hiyo Victoria. Kwa hiyo FundiKitako usijione mjinga, keki ya siku ya kwanza shule ndiyo iliyokuangusha.

Mimi vyangu ni vitatu na vyote nimeviokota kwenye maduka ya mitumba ya misaada hapa, pauni moja, pauni mbili. Hiyo peke yake inakuonyesha jambo. Watu wanapewa zawadi Krismasi, wanatazama picha, wanavipeleka kwa mitumba vikiwa safi kabisa. Kitabu cha upishi kilichotumika lazima kiwe na kurasa zilizogandana.

Lakini kuna kimoja sikigusi. Mwaka 2015 alishinda Nadiya Hussain, mzaliwa wa Luton, wazazi wake asili yao Bangladesh, amejifunga hijabu yake vizuri. Sebuleni kwetu usiku ule mama yangu alilia kama kaolewa binti yake. Mama huyu hajawahi kuoka kitu zaidi ya mkate wa kumimina. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, nenda kaninunulie kitabu cha yule mtoto."

Nikanunua cha msimu. Akafungua, akatafuta, akaudhika. Sababu kitabu cha msimu hutoka msimu ukianza, hakijui nani atashinda! Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa vitabu hivi. Unakinunua wiki ya kwanza, unamchagua wako, wiki ya tatu anarudishwa kwao, wewe umebaki na kitabu chenye sura ya hema. Kile unachokitaka kweli, ile keki uliyoiona fainali ukameza mate, hakimo. Mama alikuja kutulia Nadiya alipoanza kutoa vitabu vyake mwenyewe.

La kiufundi: oveni yako ina feni? Nyuzi 180 za oveni ya kawaida ni 160 za oveni ya feni, na kwa gesi ni namba 4. Ukikosea hapo keki inaungua juu na katikati uji.

MamaKeki_Mwanza
Oveni gani? 😂 Mimi nauza keki mwaka wa sita, oveni nimenunua mwaka jana. Kabla ya hapo sufuria kubwa, mchanga mkavu ndani, sufuria ya keki juu ya mchanga, mfuniko, makaa machache juu. Nyuzi 180 utazijulia wapi? Nilikuwa natupa kipande cha karatasi nyeupe juu ya mchanga nahesabu. Ikigeuka kahawia taratibu, sawa. Ikiungua chap, punguza makaa.

Kitabu niliazimwa na mteja, cha Bake Off pia, hata mwaka sikumbuki, jalada lilikuwa limeshatoka. Nilikaa nacho miezi minne mpaka urafiki ukayumba. Maoni yangu ni tofauti na yenu. Hizo picha sina habari nazo, wateja wangu wanataka jina la mtoto na ua la rangi ya waridi. Kilichonisaidia ni sehemu zinazoeleza kwa nini. Kwa nini mayai yaingie kidogo kidogo. Kwa nini mchanganyiko unakatika ukafanana na maziwa yaliyoganda, na kwamba kijiko kimoja cha unga kinaurudisha. Miaka nilikuwa namwaga mchanganyiko ukikatika, nadhani mayai viza.

Halafu nina wasichana wawili ninaowafundisha kazi. Jumamosi kama hakuna oda nyingi tunacheza ule mtihani wa pili. Nakopi resipi kwenye daftari, viungo naviacha vyote kama vilivyo, maelekezo nafuta nusu. Mmoja aliwahi kuniletea biskuti ngumu zikatumika kuzuia mlango usipigwe na upepo. Lakini hakurudia kosa lile tena.

Kibet_wa_Jiko (Nairobi)
Ongezea mwinuko. Nairobi tuko karibu mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hewa ni nyepesi, keki inaumuka haraka kabla haijashika, halafu inaanguka. Vitabu vya Uingereza havigusi hili kwa sababu wao wako chini. Mimi napunguza bekingi pauda kama robo, naongeza vijiko 2 vya maziwa, na moto napandisha nyuzi 10. Watu wa Pwani msifanye hivyo, mtaharibu.

Ukwaju_Mchungu
Nimepita kimya kimya kama mlivyoagiza, ila nina swali moja. Mayai manne, siagi karibu robo kilo, sukari karibu robo kilo, gesi au umeme wa Luku unakimbia kama Kenenisa Bekele, ili mle nusu saa muwe mmemaliza. Hesabu hiyo mama mwenye nyumba anaijua?

FundiKitako
Mkuu, si uliambiwa upite?

Bint_Shangani (Unguja)
Mwache, ana haki. Ndiyo maana vileja vinadumu kwenye kopo wiki mbili na Victoria haifiki kesho.

Dada_wa_Ohio
Huku Marekani shindano lenyewe linaitwa The Great British Baking Show, kwa sababu jina la Bake-Off lina wenyewe, ni jina la biashara la Pillsbury, chapa ya unga. Nilitumiwa kitabu na wifi kutoka London. Kila kitu gramu, na majirani zangu wote wanapima kwa vikombe. Nikawa nageuza gramu kuwa vikombe kwa simu, vikombe vyenyewe mara vimejaa mara vimeshindiliwa, keki leo laini kesho tofali. Nilipokubali kununua mizani ya jikoni ndogo shida iliisha siku hiyo hiyo. Ukiniuliza kitabu kimenipa nini, kimenipa mizani.

Ila krimu yao nzito sijaipata. Yao ina mafuta asilimia 48, ya huku kama 36. Inapigika, lakini haisimami vile.

MamaKeki_Mwanza
FundiKitako hujatuambia ile ya tatu, iliyobonyea. Ulitia bekingi pauda kiasi gani?

FundiKitako
Vijiko 3. Kitabu kimeandika.

MamaKeki_Mwanza
Vijiko gani? Kwenye hivyo vitabu kijiko cha chai na kijiko cha chakula vimetofautishwa kwa herufi moja tu katikati. Kijiko kikubwa ni mililita 15, cha chai 5.

FundiKitako
...

Nimekwenda kukiangalia. Naomba tusiliongelee.

Mswahili_wa_Leicester
😂😂😂 Vijiko tisa vya bekingi pauda! Hiyo keki ilitaka kwenda mwezini.

Bint_Shangani (Unguja)
Na mayai? Manne ya kienyeji?

FundiKitako
Ya kienyeji. Mama watoto hataki ya kisasa.

Bint_Shangani (Unguja)
Basi hapo tena. Yai wanaloliita kubwa Uingereza lina gramu 63 mpaka 73. La kienyeji letu likijitahidi sana 45. Usihesabu mayai, yapime. Weka mayai kwenye mizani na maganda yake, uzito utakaosoma ndio uzito wa siagi, ndio wa sukari, ndio wa unga. Wanaoka Victoria hivyo tangu zamani, na ndiyo njia pekee isiyojali kuku wa wapi.

FundiKitako (Jumapili usiku)
Wakuu, mrejesho.

Mayai 5 ya kienyeji, gramu 215 pamoja na maganda. Siagi ya ng'ombe 215, nilinunua kwa roho ya kuumia. Sukari nimesaga. Unga wa chapati 215, bekingi pauda vijiko viwili na nusu VYA CHAI, nimevipima mbele ya mashahidi. Mchanganyiko ulikatika, nikatia kijiko cha unga kama alivyosema MamaKeki, ukarudi. Oveni haina feni, 180, dakika 25, sikufungua mlango hata umeme ulipocheza.

Imepanda. Haijabonyea. Imeegemea upande mmoja kidogo, sakafu yetu ya jikoni haiko sawa, fundi alishalipwa na hapatikani. Jamu ya embe katikati kwa kuwa ya stroberi ilikuwa bei ya kuku.

Mama mkwe yuko kwetu tangu Ijumaa. Kakata kipande, kala na chai, kanyamaza. Kakata cha pili. Halafu akaniuliza, "Baba, iliki umeisahau?"

Bint_Shangani (Unguja)
Msalimie sana. Nusu kijiko cha chai, utwange mwenyewe, usinunue iliyosagwa.