Mjadala: Misindano (miti ya paini) michanga ya Mufindi na Njombe inyimwe kibali cha kuvunwa?

Hoja: misindano ya watu binafsi inaangushwa ikiwa na miaka 7 au 8, ilhali kwa mbao nzuri ingefaa ifike 18 na zaidi. Je, umri uwekewe kikomo?

Mpasuaji, Mafinga: Ndiyo. Gogo changa ni moyo mtupu, yaani ile mbao laini ya katikati. Mbao yake ikikauka inajipinda, msumari unalegea, kenchi ya paa inanesa. Halafu linapasuliwa kwa dingdong, mashine ndogo ya kuhamishika ya kupasulia mbao, ambayo msumeno wake unakula kama milimita 6 kila unapopita. Kwa mbao za inchi 1, karibu sehemu moja ya tano inakuwa unga. Gogo la inchi 6 ukiondoa mabanzi pande zote, unabakiza nini? Papi, vile vipande vyembamba tu!

Mkulima wa miti, Makambako: Shamba la serikali la Sao Hill linaweza kungoja. Mwenye ekari 2 ana ada za Januari, na kila kiangazi anaomba moto usivuke barabara ya moto, ule ukanda uliofyekwa kuuzuia. Mkimzuia kuvuna, atauza shamba likiwa limesimama, kwa bei ya kutupa.

Bwana miti, Mufindi: Umri ni kipimo cha kivivu. Pimeni kipenyo usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Nafasi ya mita 3 kwa 3 ni miti kama 450 kwa ekari. Usipoipunguza, hata ukingoja miaka 18 utavuna fito ndefu, maana imegombania mwanga na kusahau kunenepa. Punguza karibu nusu, uanze na iliyopinda na yenye ncha mbili. Kupogolea nako kusichelewe: tawi likifia mtini linaacha fundo jeusi, na mbao ikikauka fundo linadondoka, unabaki na tundu. Ile inayopunguzwa ndiyo hela ya Januari.

Mkulima: Nani anainunua? Kwa mirunda, zile nguzo za kushikilia zege, mafundi wanataka mlingoti (mkaratusi).

Mpasuaji: Viwanda vya vinia (tabaka nyembamba za mbao) hapa Mafinga vinamenya magogo membamba.

Mkulima: Na ndivyo vinavyofanya watu wafyeke shamba lote mapema! Isitoshe, vinamfaa aliye karibu na lami. Kwenye utelezi wa masika lori halifiki, na gogo la msindano likilala wiki chache mvuani linaingia ubluu, madoa ya ukungu, bei inaanguka.

Bwana miti: Basi punguzeni Juni hadi Septemba, majirani kumi kwa pamoja, lori lijae safari moja. Kikomo cha umri hakijazi lori.