Mjadala: Nyaraka za siri zikionyesha wizi, gazeti lizichapishe au lizirudishe?

Kila gazeti linapochapisha nyaraka zilizovuja kutoka ofisi ya umma, hapa Tanzania huibuka hoja ileile: mwandishi si mpelelezi wala si hakimu, tunaye CAG anayekagua hesabu za Serikali, tunayo TAKUKURU inayopambana na rushwa, tunalo Bunge, basi mwenye ushahidi aupeleke huko badala ya kuwaanika watu ambao hawajahukumiwa. Wengi wanaoitoa hoja hiyo ni watu makini na siwezi kuwapuuza. Hata hivyo sikubaliani nao, na sababu zangu ni mambo tuliyoyashuhudia wenyewe.

Tuanze na kashfa ya EPA. Katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya Sh133 bilioni zilichotwa Benki Kuu kutoka akaunti ya madeni ya nje iliyoitwa EPA, zikaishia kwa kampuni 22. Vyombo vyote hivyo vilikuwapo. Lakini ni baada ya tuhuma kuzagaa mwaka 2007, mitandaoni, magazetini na bungeni, ndipo ulipofanyika ukaguzi maalumu, na Januari 2008 Gavana akaondolewa. Mkataba tata wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond nao ulitiwa saini mwaka 2006 Bunge likiwapo. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk Harrison Mwakyembe iliundwa baada ya kelele za muda mrefu, na ilipotoa ripoti yake Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Sisemi magazeti peke yake ndiyo yaliyoifanya kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba vyombo vya dola huamka pale wananchi wanapokuwa wameshajua, na wananchi hawawezi kujua bila kuambiwa.

Kuna jambo jingine ambalo makaratasi hayalisemi. Nilipokuwa mwandishi wa kujitegemea mkoani, nililetewa nakala ya hati ya malipo ya kisima cha kijiji kimoja. Sahihi zote zilikuwapo, mhuri ulikuwapo, na stakabadhi ya mkandarasi ilikuwa imeambatishwa. Nilipofika kijijini nilikuta bomba lililochomoza kimo cha goti, limezibwa kwa gunzi la mahindi, na kina mama wakipita kando yake na ndoo kuelekea mtoni. Kwa ukaguzi wa mezani, hati ile ilikuwa safi kabisa. Habari ilitoka ukurasa wa ndani, malipo niliyopata hayakufidia hata nauli ya bodaboda, na tangu siku hiyo ofisi iliyohusika haikunialika tena kwenye mikutano yake.

Hofu ya watu kuchafuliwa bure ni ya kweli, maana wapo waandishi wanaotumiwa na mahasimu wa kisiasa na wapo wanaolainishwa kwa bahasha. Kwa hao ipo sheria ya kashfa, ipo haki ya kujibu, na lipo Baraza la Habari ambako mlalamikaji anaweza kudai aombwe radhi. Ninachokipinga ni barua ya waziri kufunga gazeti kabla mahakama haijasikiliza upande wowote. Gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa Julai 2012 kwa muda usiojulikana, baada ya kuandika kuhusu kutekwa kwa Dk Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari. Mahakama Kuu ilipotamka kwamba hatua hiyo haikuwa halali, ilikuwa tayari mwaka 2015. Gazeti lililokaa miaka mitatu bila kuuza hata nakala moja limeshindaje kesi?

Tena, tusilijadili suala hili kana kwamba ni la vifungu vya sheria tu. Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji ya askari na viongozi wa vijiji huko Kibiti, mkoani Pwani, alimfuata mkewe shambani Novemba 21, 2017 akiwa na watu ndani ya gari, akaulizia ufunguo wa nyumba ulipo, akasema anasafiri kwa dharura. Hajaonekana hadi leo.

Sheria ya kuwalinda watoa taarifa tunayo tangu 2015. Kwa hiyo ninamwomba anayeshikilia kwamba ushahidi upelekwe kwenye vyombo husika anijibu hili: karani wa halmashauri aliyeshika nakala ya hati kama ile ya kisima, ambaye bosi wake ndiye aliyeitia sahihi, aanzie mlango upi, na akiona mwaka umepita hajajibiwa chochote, afanye nini na karatasi ile?